Dakika Arobaini na Moja

Skolastika alirudia jaribio la kulinganisha kasi ya programu mbili mara thelathini, asije akalaumiwa. Kompyuta ileile, wagonjwa walewale wa kubuni: wanaingia mapokezi, wanasubiri daktari, wanatoka. Matukio milioni kumi kila jaribio. Programu ya kigeni ilimaliza kwa dakika sita. Ile ya Elirehema, bosi wake, aliyoiandika kwa miaka saba katika nyumba ya Njiro waliyoigeuza ofisi, ilichukua dakika arobaini na moja.

Wageni kutoka hospitali iliyotaka kununua programu ya kupanga foleni zake walitarajiwa saa nne asubuhi. Saa tatu Elirehema aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Andika kumi na moja," akasema.

"Siwezi, kaka."

"Nani atajua, Skola?"

"Wakirudia wenyewe watajua. Halafu majibu ya programu yako ni sahihi kabisa, nimeeleza ukurasa wa pili. Ni mwendo tu. Kila tukio jipya likiingia, programu inapanga upya orodha nzima. Tukibadilisha hapo..."

Ngumi ilimpata mdomoni. Alianguka na kiti chake, na alipoinua macho alimwona mtu aliyekuwa akimletea ndizi za kwao Machame kila Jumatatu amenyanyua kompyuta kwa mikono miwili. Akaishusha juu yake. Skolastika alikinga kwa mkono wa kushoto, akausikia mfupa ukivunjika kabla maumivu hayajafika.

"Miaka saba!" Elirehema alipiga kelele, akaishusha tena. Kioo kikapasuka begani mwa Skolastika. "Miaka saba ya maisha yangu!"

Anaua, Skolastika aliwaza. Huyu anaua kweli. Akampiga teke la goti kwa nguvu zote, na jamaa alipoinama, akajiinua, akaivuta chupa ya chai iliyokuwa mezani, akafungua kifuniko kwa meno yenye damu, akammwagia chai ya moto usoni. Elirehema alinguruma, akajigonga kabatini. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo: Koikai, mlinzi, na rungu lake. Alimpiga pigo moja la begani, akamkalia mgongoni mpaka polisi walipofika.

Kituoni, Skolastika alihitaji fomu ya polisi ili akatibiwe. Damu ilikuwa imeganda shingoni. Askari wa zamu alishika kalamu.

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Matokeo ya kazi. Alitaka niandike uongo, nikakataa."

Askari alimtazama, akamtazama Koikai, akaandika. Skolastika alisoma maneno yale juu chini, kutoka upande wake wa kaunta: ugomvi wa kimapenzi.

"Futa."

"Dada, mkono wako umevunjika. Nenda kwanza hospitali."

"Futa, afande."

Koikai akamwambia akae. Hakukaa. Alisimama pale kaunta, mkono umevimba kama mguu, mpaka askari akachora mstari juu ya maneno yale na kuanza upya.