Litungu la Kompyuta

Kwa piano mimi sibishani na mtu: piano ni ya kompyuta. Kuna watu huko Ulaya walikaa na piano kubwa ukumbini, wakarekodi kila kibonyezo kikiguswa taratibu na kikipigwa kwa hasira, na leo piano hiyo nzima inakaa hapa Nyasho, kwenye studio yangu nyuma ya duka la vitenge la mke wangu, Eunice. Organi, hapana. Organi naitoa kwenye Yamaha yangu ya zamani, ambayo kibonyezo kimoja kimepotea na kingine kinanata siku za mvua, kwa sababu organi ya kompyuta ni safi mno, haijawahi kukaa kanisani. Tarumbeta natoa kwenye kinanda kingine, Korg. Vayolini nachanganya, kinanda kidogo na kompyuta kidogo, kama unga wa mtama na muhogo, maana kila mmoja peke yake unakosa kitu. Besi namwita Lameck aje na gita lake, basi. Mtu akiniletea besi ya kompyuta kwenye wimbo wa kwaya, namwonyesha mlango.

Najua ninavyosemwa hapa Musoma: Gody ana masikio lakini hana subira. Ni kweli. Sauti ya pili ikishuka kidogo tu nasimamisha kwaya nzima, hata kama mchungaji yumo. Kitu kisichokaa kwenye noti yake kinaniuma kama jino, na sijaona kwa nini nivumilie jino linaloniuma wakati koleo ninayo mkononi.

Kwa hiyo Mama aliponipigia simu kutoka Butiama, nilidhani amempigia mtu sahihi. Baba yangu, mzee Mwikwabe, alikuwa amefariki mwaka juzi, na sasa tulikuwa tunajiandaa kujengea kaburi lake kwa saruji na kufanya maombi. Mama alitaka siku hiyo litungu la Baba lisikike.

"Sura yake ninayo, picha si iko ukutani," alisema. "Ila mkono wake wa litungu umeanza kunipotea. Jana nilikuwa nachambua maharage, nikajaribu kuukumbuka, ikaja nyimbo ya redioni. Wewe una mashine za kutengeneza kila sauti. Nitengenezee hiyo kabla sijaisahau kabisa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ninavyolikumbuka hilo jibu langu, naona lilikuwa la fundi, si la mtoto.

Litungu ni ala yetu ya nyuzi nane, gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi. Baba alilipiga harusini tangu ujana wake, na jioni alilipiga barazani kwetu kwa raha yake tu. Nilimwomba mara nyingi nimrekodi, akawa anakataa huku anacheka. "Nikishaingia humo ndani, nani ataniita harusini tena?" Litungu lenyewe lilibaki limetundikwa kwenye nguzo ya jikoni. Baada ya mazishi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa, na mchwa hawana msiba. Tulipokuja kulishusha lilimeguka mikononi.

Jumamosi iliyofuata niliifunga Yamaha kwenye kitenge, nikaiweka kwenye kigari changu, nikaenda Butiama. Vinanda havina sauti ya litungu. Vina banjo, na vina ile ala ya Wajapani yenye nyuzi nyingi. Nilipiga wimbo wa ng'ombe, ambao Baba alikuwa akiuanza kila alipokaa chini. Mama alisikiliza mkono ukiwa shavuni.

"Huyu ni mgeni," alisema. "Anatembea vizuri, ila hajawahi kula ugali wa muhogo wa udaga."

Nikabadilisha sauti.

"Na huyu?"

"Afadhali yule wa kwanza."

Sikuudhika. Nilikuwa nimekwenda na kinanda kwa sababu kinanda kinabebeka, lakini moyoni nilijua kazi hii ni ya kompyuta. Nilirudi Nyasho nikatafuta, nikapata programu ambayo watu walikuwa wamerekodi vinubi vya ukanda wetu, uzi mmoja mmoja, na hata mlio wa kucha ikigonga ngozi. Nikakumbuka kwamba miaka ya mwisho Baba hakutumia tena mishipa ya ng'ombe. Alifunga nailoni ya kuvulia, aliyoletewa na wavuvi wa kisiwa cha Rukuba. Basi nikaacha nyuzi za mshipa, nikachukua za nailoni. Nikaongeza ngozi, nikapunguza mwangwi, kwa sababu baraza yetu haina mwangwi. Mwisho nikapitia nyuzi zote nane, nikaziweka kila mmoja kwenye noti yake barabara. Nilipomaliza niliona fahari. Nilimwita Eunice asikie, akaja na futi shingoni, akasema ni Baba mkwe mtupu.

Nikarudi Butiama. Mama safari hii alifumba macho. Alisikiliza wimbo wote, kidole chake kikigonga goti. Ulipokwisha akafumbua macho, akaangalia uani.

"Hapo Boke anasikia," alisema.

Boke ni yeye, ndilo jina lake. Nilifurahi kiasi kwamba niliongeza sauti ili asikie zaidi, nikarudia wimbo tangu mwanzo. Mama akasema inatosha, akainuka kwenda kuangalia mboga. Nilirudi mjini naimba peke yangu ndani ya gari.

Haikupita wiki, akapiga simu.

"Gody. Siku ya maombi kwaya waimbe tu. Hilo litungu lako libaki huko huko."

"Mama, si ulisema unasikia?"

"Nilisema Boke anasikia."

"Sasa?"

"Sasa si ndiyo hivyo," akasema, na simu ikakatika. Simu za Mama hazinaga kwaheri.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Niliingia dukani nikamwagia Eunice yote: nailoni, ngozi, mwangwi, na uzee wa watu wasiojua wanachotaka. Eunice alikuwa anakata kitambaa na hakuinua macho mpaka mkasi ulipofika mwisho.

"Wewe unajua kusikiliza noti, maneno huyasikilizi," alisema. "Mama ajiite Boke? Lini umewahi kumsikia? Anajiitaga 'mimi', kama sisi wote. Nenda kamuulize mtu aliyekaa na wazazi wako."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu: Mniko, mdogo wake Baba, mkulima wa pamba kule Bunda, ambaye ujanani alikuwa akimwitikia kaka yake harusini. Nilimkuta ameanika pamba uani, anatoa majani makavu.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda, Gody. Eunice anakupikia au anakushonea tu?"

Tulicheka, tukaulizana za nyumbani. Kisha nikaweka kompyuta juu ya gunia la pamba, nikamwambia asikilize, aniambie kosa liko wapi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika tangu mwanzo. Wimbo ulipofika kwenye uzi wa tano, akaacha kutikisa. Ulipofika tena, alianza kucheka, na alicheka mpaka akakohoa.

"Nani amemkaza Boke?" aliuliza.

"Boke yupi?" niliuliza.

"Nyuzi za kaka zilikuwaga na majina," alisema akijifuta macho, akizihesabu kwa vidole. "Huu mnene ni Mzee. Huu ni Fahali. Huu hapa wa tano ndiye Boke. Huu hakuna siku ulikaa sawa. Kaka akianza kupiga, na mama yako yuko jikoni, alikuwaga anapaza sauti: 'Boke hasikii leo.' Mama yako anajibu kule kule kwenye moshi: 'Si umkaze?' Kaka anasema: 'Nikimkaza atakatika.' Basi. Siku zote hivyo hivyo. Mimi niliwachokaga."

Boke hasikii leo. Maneno hayo niliyasikia utotoni mwangu wote, lakini niliyasikia kwa sikio la mtoto. Kwetu asiyesikia ni mtoto mtundu, ni mbuzi anayeingia shamba la watu. Nilidhani Baba anamsema Mama kwa ukaidi, tena mbele ya wageni, na kwa muda mrefu niliweka moyoni kinyongo kidogo kwa ajili ya Mama. Jibu la Mama halikuwahi kunifikia, maana jikoni kwetu ni banda la pembeni na mimi nilikuwa mtu wa kukimbia na ndama. Nilisikia nusu ya mazungumzo ya wazazi wangu, nikaishi nayo kana kwamba ndiyo yote.

"Kwa nini hakuubadilisha huo uzi?" niliuliza.

"Nani kakwambia hakuubadilisha? Aliubadilisha mara nyingi. Kila uzi mpya alikuwa anaulegeza mwenyewe kwanza. Akishaulegeza ndiyo anaanza kumsingizia."

Baba mdogo alirudi kwenye pamba yake. Mimi nilibaki nimekaa juu ya gunia na kompyuta yangu ya noti barabara, na nikaelewa Mama aliniambia nini siku ile barazani. Hapo Boke anasikia. Uzi umetii, kwa hiyo huyu si mume wangu.

Niliporudi studio, nilifungua ile sehemu ya programu ya kushusha noti moja moja. Wapiga taarabu wanaihitaji sana. Mimi nilikuwa naitumia kwa kupandisha kilichoshuka tu. Nilishusha uzi wa tano kidogo. Masikio yangu yakalalamika, nikayanyamazisha. Nikapiga. Haikutosha; lilikuwa kosa dogo la adabu, na Baba hakuwa mtu wa kutania kwa adabu. Nikashusha tena, na tena, kila mara nikipiga wimbo wa ng'ombe tangu mwanzo, mpaka uzi ukafika mahali pabaya kabisa, ambapo mwanakwaya yeyote angetolewa nje. Hapo nikaona baraza yetu. Nikamwona Baba amekunja mguu mmoja, kichwa kimeelekea jikoni, anasubiri ajibiwe.

Niliubeba mzigo wote kwenda Butiama: kompyuta ya sauti, Yamaha ya vidole, na spika. Nilifika jua likiwa bado kali. Mama alikuwa jikoni anapepeta ulezi. Nilisikia ungo mara nilipozima gari. Kwa desturi ningekwenda kumwamkia kwanza. Sikwenda. Niliketi barazani kwenye kigoda cha Baba, nikaweka kinanda magotini, nikaigeuza spika upande wa moshi.

Nikaanza wimbo wa ng'ombe. Mzee akalia, Fahali akalia, na uzi wa tano ukaingia umelegea, bila haya.

Ungo ukanyamaza.

Niliendelea kupiga bila kuinua kichwa. Niliogopa. Nilikuwa nimeona kwamba kama hili nalo si yeye, sina tena cha kumpa, na mkono wa Baba utampotea Mama huku mimi nina mashine zote hizi. Wimbo ukazunguka. Uzi ukaingia tena, vile vile.

"Si umkaze?"

Ilikuwa sauti ya Mama, lakini nyepesi, ya mwanamke kijana ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Jibu lake nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisema njiani kote kutoka Musoma. Nilizungusha wimbo mara nyingine nzima kabla sijalitamka.

"Nikimkaza atakatika."

Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye vibonyezo, nami niliyaacha yadondoke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kisha ungo ukaanza tena, taratibu, ukifuata mwendo wa wimbo.

"Basi mwache," alisema Mama. "Mwache asisikie."

Hilo la mwisho Baba mdogo hakunifundisha. Nadhani hata yeye hakuwahi kulisikia.