Aliyenifungia Mlango

Mgeni wa binti yangu alizisifu picha za marehemu kaka kabla hata hajaketi, na hapo hapo machale yakanicheza. Alikuwa msichana wa jumba la sanaa, mwembamba, miwani mikubwa, glavu nyeupe zikichungulia kwenye mfuko wa shati. Glavu, nyumbani kwangu! Utadhani amekuja kuzalisha mtu. Alinisalimu kwa adabu zote, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema ameitafuta nyumba hii miaka mitatu. Sasa mimi nimekaa miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha uchapaji nikisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, na kazi ile humzoesha mtu kutoliamini neno mpaka alisome mara mbili. Nilimsoma yule msichana mara mbili. Sikuona kosa, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Picha zenyewe zilikuwa thelathini na moja, chumba cha nyuma, zimeegemezwa na kutazamishwa ukutani. Zililetwa na mwenye nyumba wa kaka miaka kumi na moja iliyopita, kaka alipofia kwenye chumba chake cha kupanga, mji mwingine. Zamani aliwahi kujulikana kidogo. Alifanya maonyesho mawili, gazeti moja likamwita Mzee Jinamizi na wakati huo hata miaka thelathini hajafika, jina likamganda, kisha watu wakamsahau yeye na jina lake. Siwalaumu. Alichora watu wenye midomo iliyopasuka hadi masikioni. Alichora mama anayenyonyesha kiti. Alichora foleni ya wagonjwa ambao shingo zao zimepigwa fundo, kama mifuko ya taka. Nilizigeuza siku ile ile zilipofika, nikaendelea na maisha yangu.

"Mama, naomba nizigeuze," mgeni alisema.

"Geuza. Ila mimi nakaa hapa hapa."

Niliweka kiti mlangoni nikakalia. Binti yangu, ambaye ndiye aliyemleta, alinitupia jicho la aibu. Yeye ni msusi, ana saluni yake mtaa wa pili, na huyo Glavu alikuwa mteja wake. Walikutana kichwa kikiwa katikati ya kusukwa, wakapiga soga, jina la mjomba likatoka. Ndivyo siri za nyumba zinavyotoka siku hizi, kwa kitana.

Nilitegemea Glavu atapiga picha kwa simu, au ataandika andika, nimkamate kwenye jambo fulani. Wapi. Alikaa sakafuni mbele ya ile foleni ya wagonjwa, akatazama. Nusu saa. Nilikohoa. Hakugeuka.

"Unatafuta nini humo?" nilimuuliza.

"Sitafuti, mama. Naangalia tu. Zinatisha vizuri."

Zinatisha vizuri! Ni sawa na kusema jino limekuuma kitamu. Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kama ana shida aiseme. Akacheka kidogo, akavua miwani.

"Wachoraji wa aina ya kaka yako hawakuchora kitu kinavyoonekana," alisema. "Walichora kinavyouma. Ndiyo maana watu hawakuzitaka sebuleni. Ila mama, hebu nisaidie. Huu weusi wake aliupata wapi? Si rangi ya mafuta hii. Miaka yote hii na bado unatoka kwenye kidole."

Hapo alinipata, lazima nikiri. Weusi ule niliujua kuliko mtu yeyote duniani. Ulikuwa wino wa mtambo wa kuchapia. Nilikuwa ndio kwanza nimeajiriwa, na kila Ijumaa nilikwangua mabaki kwenye makopo, nikamletea kaka kwenye kikopo cha jamu. Nilimweleza Glavu hivyo, kwa ufupi, kama mtu anayetoa ushahidi asioutaka. Macho yakamtoka. Akaniomba nisogee nioneshe ni wapi ametumia wino na wapi rangi, na mimi mjinga nikanyanyuka kwenye kiti changu cha ulinzi.

Nikaonesha. Na katika kuonesha, nikaona. Kwenye ile foleni, chini kabisa, kulikuwa na mkono mdogo umeshika shati la mgonjwa wa mbele. Mtu mwenye shingo ya fundo amemshika mwenzake asipotee. Mkono ule umechorwa kwa mistari minne tu. Miaka kumi na moja nimeiita picha ile uchafu, na sikuwahi kuitazama hata dakika tano. Nilipandwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Kisha Glavu akaivuta ile kubwa kuliko zote, na mimi nikarudi kwenye kiti changu haraka.

Ilikuwa chumba cha rangi ya nyongo. Mbele yako mlango, na kwenye mlango limesimama jitu. Mikono yake miwili imeshika fremu za mlango, mikubwa kupita kiasi, vidole vimekaza hadi vimepinda. Uso hauna macho, hauna pua, hauna mdomo. Una makovu saba tu, yametoka juu kushuka chini, kama mtu aliyeparuliwa na reki, na ndivyo nilivyowaambia. Nyuma ya turubai kaka aliandika kwa mkono wake: *Aliyenifungia Mlango*.

Mimi ndiye niliyemfungia mlango kaka yangu. Binti yangu hakulijua hilo, hakuna mtu aliye hai aliyelijua, na nilikusudia libaki hivyo.

Kaka alipofika miaka ishirini na sita alikuwa halali, hali, anachora huku akizungumza na watu tusiowaona. Baba alikwenda hospitali ya wagonjwa wa akili akapanga na wahudumu wawili waje kumchukua Alhamisi mchana. Akaniambia mimi, "Akiwa ndani, zungusha ufunguo, asije akakimbia." Nilizungusha, nikazungusha tena, na kufuli lile bovu likakwama. Wahudumu walipofika mlango haukufunguka. Baba alipiga kelele nitoke pale mlangoni. Miguu iliniishia nguvu, nikabaki nimeuegemea ule mlango, nimeng'ang'ania fremu, kwa sababu nje ya hapo ningeanguka. Walipokuja kuvunja kufuli kwa nondo, chumba kilikuwa kitupu. Kaka alikuwa amechana wavu wa dirisha kwa kisu chake cha kuchanganyia rangi, akaenda zake. Nyumbani hakukanyaga tena.

Miaka miwili baadaye alinitumia kadi moja ya posta. "Mdogo wangu, wino umeniishia. Nitumie mwingine." Basi, hakuna zaidi. Niliisoma mara mbili, mara kumi. Nikaona ananicheza shere, anataka nijibu ndipo anitukane. Sikumjibu.

Ndiyo maana maneno yale mawili nyuma ya turubai yalinikosesha raha. Mtu wa prufu huyatazama maneno vipande vipande. Kufunga mlango ni kufunga tu. Lakini kumfungia mtu mlango, ile herufi moja iliyoongezeka haikwambii kama umefanya kwa faida yake au kwa hasara yake. Mwenye duka anakufungia kifurushi, mwenye hasira anakufungia nje, na neno ni lile lile. Mimi sikuwa na shaka kaka alikusudia lipi. Uso usio na macho ulinitosha.

Glavu alirudi baada ya wiki mbili. Jumba la sanaa limekubali, alisema, picha zote zitaoneshwa, na hii kubwa itawekwa ukuta wa kwanza mtu anapoingia. Alinipa karatasi ya maelezo iliyochapwa, nimpitishie macho kabla haijabandikwa. Amejua pa kunigusa, nikawaza, mjanja huyu. Nilitoa kalamu nyekundu. Karatasi ilisema: "Sura isiyo na macho inamkabili msanii. Huenda ni mtu wa familia aliyemtenga."

"Ni nani, mama?" aliuliza. Aliuliza taratibu mno, na mimi watu wanaouliza taratibu ndio ninaowaogopa.

"Baba," nilisema.

Baba amekufa miaka thelathini, hawezi kulalamika. Glavu aliandika. Binti yangu alinitazama, kisha akaitazama picha, akakunja uso. Nilijua tayari nitakavyolala na uongo ule na nitakavyoamka nao, na hata hivyo niliuona ni bora kuliko mwanangu kusimama mbele ya watu ukutani pale na kuambiwa jitu hili ni mama yako.

Chumba kile kina giza, kwa hiyo waliipeleka picha uani ili Glavu aipige picha kwenye mwanga wa jua. Wakaiegemeza kwenye pipa la maji. Binti yangu alirudi nyuma hatua kumi, akainamisha kichwa upande, kama anavyowatazama wateja wake kabla hajawagusa.

"Nani alikwambia haya ni makovu?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyesema," nikamjibu. "Kila mtu anaona."

"Mama, hii ni mistari ya nywele. Mistari saba, imesukwa kwenda nyuma, imeishia shingoni. Tazama, wa kushoto umepinda kidogo, aliyesuka hakuwa na mkono mzuri. Na masikio yamegeukia kule. Huyu hana uso kwa sababu ametugeuzia mgongo. Hiki ni kisogo."

Glavu alikwenda karibu, akarudi mbali, akaenda tena. Mimi nilibaki pale nilipo, kwa sababu wa kushoto niliusuka mwenyewe, na mkono wangu wa kushoto haujawahi kuwa mzuri.

"Lakini kama amefunga mlango, yuko nje," Glavu alisema. "Anaonekana vipi?"

"Mlango wetu ulikuwa na kioo," nilisema kabla sijajizuia. "Kioo cha ukungu, nusu ya juu."

Wote wawili waligeuka. Glavu alifungua mkoba wake haraka, akatoa nakala ya gazeti la zamani, mahojiano aliyodhani ni mafumbo tu, akanisomea. Mwandishi alimuuliza Mzee Jinamizi aliwezaje kuikwepa hospitali, naye akajibu: "Kuna mtu alinifungia mlango. Alisimama akawapa uso wake wao, mimi akanipa mgongo wake. Nilipata muda wa kutoka."

"Ni wewe," Glavu alisema. Kwa mara ya kwanza sikuishuku sauti yake. "Mama, amekuchora wewe ukimkinga."

Binti yangu alinirukia, akanikumbatia shingoni, akilia na kucheka. "Kumbe ulimkinga mjomba! Miaka yote umekaa kimya tu! Na babu ulimgomea!" Alinipapasa kichwa, nywele zangu chache za sasa, kama ananisuka upya. Sijawahi kukumbatiwa hivyo na mwanangu. Furaha ilinijaa kifuani, tele, tamu, na si yangu.

Ningeweza kuimeza. Sina wa kunipinga. Glavu alikuwa tayari amekata neno Baba kwenye karatasi yake, ameandika juu yake: "Dada wa msanii, akimlinda dhidi ya waliokuja kumchukua." Alinikabidhi niisome. Mwandiko mzuri, sentensi imenyooka, hakuna nukta iliyokosewa mahali pake. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

"Baba aliniambia nimfungie ili wamchukue," nilisema. "Nikamfungia. Kufuli lilikwama. Sikumkinga mtu, niliogopa tu, nikashindwa kusogea. Na aliponiomba wino sikumpa."

Mikono ya binti yangu ilibaki mabegani mwangu, lakini uzito wake uliondoka. Jua lilikuwa kali uani pale. Glavu alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Sasa niandike nini, mama?" aliuliza.

"Andika alivyoandika yeye. Usiongeze neno hata moja."

Binti yangu alikuwa amesogea hadi kwenye picha. Alinyoosha kidole, akagusa mstari ule wa kushoto, na kidole kikatoka cheusi. Alikitazama, kisha akauliza bila kugeuka:

"Mjomba alijua kwa nini ulimfungia?"

"Hakujua," nilisema. "Angejua, angenichora uso."