Gari la Mama Rangi

Gari la kwanza niliingia kwa makalio. Niliupa mlango mgongo, nikashika nguzo yake kwa mkono wa kushoto, nikajishusha taratibu huku mguu wa kulia nimeufanya kama umekufa, sitaki usaidie chochote. Kiti kilikuwa chini mno. Nikatumbukia kama jiwe kisimani, magoti yakanijia kifuani. Nikabaki hapo, mwili ndani, miguu nje, nikifikiri mtu angejinyanyuaje bila mguu ule.

"Kitinda," kaka akasema, "tumekuja kununua gari. Hatujaja kulijaribu kama gauni."

Muuzaji akacheka kicheko cha kazi. "Mwache dada ajaribu, bosi. Gari ni kama mchumba. Usipokaa naye vizuri kwanza, utakuja kulia ndani ya nyumba."

Nilijitoa, nikaenda kwenye gari la pili, nikaugeuzia mlango mgongo.

Yadi ilikuwa pana, imemwagwa kokoto, na magari yamepangwa yakitazamana kama wageni waliofika mapema. Yote yalikuwa karibu mapya. Mengine viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni, na ukifungua mlango ilikupokea harufu ya gundi na plastiki. Kaka alizunguka akipiga matairi teke na kuinama kutazama chini. Alitaka gari moja la ukoo mzima: siku za kazi liwabebe mkewe na wanawe, na siku za hospitali limbebe Mama. Jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye gari refu la rangi ya buluu iliyokoza, lenye safu tatu za viti. Kila alipokwenda, alirudi hapo.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa kwenye nyonga yangu.

Mama yetu alikuwa fundi rangi. Mtaa mzima ulimwita Mama Rangi, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi. Alipaka nyumba, maduka, kuta za shule, na hakuna mwanamume aliyemshinda kwa kupanda. Mimi nilipomaliza shule ya msingi haikupatikana njia ya kuendelea, nikaenda kumshikia ngazi. Kwa miaka mingi nilimfahamu mama yangu kutokea nyayo. Nilijua amechoka kwa jinsi kisigino kilivyoikanyaga ngazi, nilijua amefurahi kwa matone yaliyoniangukia bila kuombwa radhi. Watu wakipita walimsalimu huku wameinua nyuso, wamekinga macho kwa viganja.

Kiharusi kilimkuta amekaa kitini anakunywa chai. Hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. "Ngazi zote zile," alisema ulimi uliporudi, "nikaja kuangushwa na kiti."

Upande wa kulia ulikufa. Siku ya kupelekwa hospitali mara ya pili, majirani wawili wenye nia njema walimbeba kumwingiza katika gari la kukodi. Mmoja alimvuta kwapani, mwingine akamsukuma. Gauni likapanda. Watu walikuwa wamejaa njiani, na ingawa kila mmoja aligeuza uso, kila mmoja alikuwa ameshaona. Mama hakulia. Tuliporudi, nikamlaza, akanitazama kwa jicho lile zima, akasema, "Mimi sitoki tena." Na kweli, hakutoka. Fundi wa mazoezi ya viungo alituma salamu kwamba mguu usipofanyishwa kazi kule kwenye vyuma vyao, utakauka. Mama alisema na ukauke.

Ndiyo maana kaka akaamua kununua gari. Na ndiyo maana mimi nilikuwa naingia kwa makalio.

Nilijua kitu kimoja: kama gari litampokea mwenyewe, bila mikono ya watu, atatoka. La sivyo, chumba kile ndicho kitakachomzika. Hivyo nikaingia na kutoka, nikaingia na kutoka, mpaka mgongo ukalowa. Gari refu la buluu lilinikataa mapema. Makalio yangu yaliishia kwenye kizingiti, na kiti kiko juu kule kama rafu ya jikoni. Mwishowe nikafika kwenye gari la rangi ya fedha, si refu wala fupi. Nilijishusha na kiti kikanipokea pale pale nilipokitarajia. Urefu wake ulikuwa sawa na wa kitanda cha Mama. Nikazungusha miguu, ikaingia. Nikatoka bila kuhema.

"Hili," nikasema.

Kaka hakugeuka hata kutazama. "Hilo la kwendea sokoni. Watoto wangu nitawakunja kama shuka?"

"Kaka, wewe utaendesha. Atakayemwingiza na kumtoa ni mimi."

Akaenda kuegemea lile la buluu. Kaka aliishi upande wa pili wa mji. Jumapili alikuja na matunda, akasimama kwenye mlango wa chumba na kuuliza, "Mama anaendeleaje?" Alikuwa akiniuliza mimi, Mama akiwa amelala kati yetu akitusikiliza. Si kwamba hakumpenda. Alimwogopa, kama mtu anavyoogopa kushika kitu kilichokwisha kupasuka.

Muuzaji alikohoa. "Wazee walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Maiti gani tena, bwana wewe?"

"Naomba radhi, bosi. Maana yangu, mwenye kukaa ndiye aulizwe. Chukua hili, dereva wangu awafuate na lile. Yapelekeni yote mawili nyumbani, mama achague."

Sikumpenda mtu yule, lakini nilimshukuru. Njiani nilikaa ndani ya gari la fedha, mikono mapajani, nikiwa na hakika kama mwanafunzi aliyeliona swali kabla ya mtihani.

Mama alikataa kwanza. Kisha akasikia injini mbili zikiunguruma nje ya geti, akauliza, "Mmeleta harusi?" Nikamwambia ni magari, na moja ataingia mwenyewe, hakuna atakayemgusa. Akaniomba gauni la kijani.

Kwa fimbo na bega langu tulifika getini. Aliligeuzia gari la fedha mgongo, akashika nguzo, akajishusha. Kiti kikampokea. Mguu mzima ukaingia, ule mwingine nikausindikiza kwa vidole viwili tu, basi. Nikafunga mlango. Nilitaka kumtazama kaka, nikajizuia.

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Mwenye duka la kona akainama dirishani, mikono magotini, akapaza sauti kama anayesema na mtoto aliyeziba masikio: "Mama Rangi! Hujambo, Mama Rangi? Umependeza!" Nyuma yake akainama mwingine. Na mwingine. Mama aliitikia kila mmoja. Kisha akatazama mbele, ambako palikuwa na ukuta wa jirani na tumbo la dereva wa yadi.

"Nitoeni," akasema.

Nikafungua mlango haraka. "Kinakuumiza?"

"Hakiniumizi."

"Basi kina nini, Mama? Umeingia mwenyewe!"

"Kitinda, mwanangu." Alisema polepole, ulimi wake ukichagua pa kukanyaga. "Tangu nilale, kila mtu ananitazama kwa kuinama. Daktari anainama. Majirani wanainama. Na wewe unainama. Nimetoka nje nione mikanda ya watu?" Akanyoosha fimbo. "Lile."

"Lile ni refu, kiti kiko juu. Itabidi ubebwe."

"Nibebeni."

"Ulisema hutabebwa tena!"

"Nilisema sitabebwa na watu." Jicho lake likaenda kwa kaka, likakaa hapo. "Huyu si watu."

Kaka alitazama viganja vyake. Nilidhani atasema ana maumivu ya mgongo, au atamwita dereva. Alivua saa, akaitia mfukoni, akasogea.

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu. "Gauni kwanza," nikamwambia. "Libane chini ya mapaja, hivi. Usimvute kwapani. Mkono huu mgongoni, huu chini ya magoti. Mwache akushike shingo. Usiharakishe." Aliinama, akamzoa. Nikaona midomo yake ikitikisika.

"Usitetemeke," Mama akamwambia sikioni. "Mimi si trei ya mayai."

Akamwinua. Gauni la kijani halikupanda hata kidogo. Akamweka juu ya kile kiti kirefu, akabaki ameinama ndani, kichwa chake kikiwa karibu na bega la Mama, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mimi nilisimama na fimbo mkononi. Sitasema haikuuma. Nilikuwa nimepima kuingia, nimepima kutoka, nikasahau kwamba kati ya kuingia na kutoka mtu anakaa, na akikaa anatazama.

Mwenye duka la kona akaja tena kusalimu. Mara hii hakuinama. Aliinua uso, akakinga macho kwa kiganja, na sauti yake ikarudi kuwa ya kawaida. "Shikamoo, Mama Rangi."

"Marahaba." Mama alikuwa akitazama juu ya ukuta, mbali. "Ule ukuta wa juu pale kwako umebabuka. Nani aliupaka?"

"Si wewe mwenyewe, mama?"

"Basi nilikulaghai," akasema, na kicheko kikapanda kutoka kwa watu wote, hata kaka, aliyekuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Gari la fedha lilirudi yadi na dereva wake. Lile la buluu lilibaki, na kwa kuwa peke yangu nisingeweza kumfikisha Mama juu, kaka ilimbidi aje kila siku ya mazoezi, asubuhi kabla ya kazi, avue saa. Alijifunza. Alijua hata kidonda kidogo cha kwenye nyonga akikwepeje. Aliacha kuniuliza Mama anaendeleaje. Alimuuliza mwenyewe, na mara nyingi walibishana. Mguu haukurudi kama fundi wa mazoezi alivyotumaini. Siku ile Mama alipobebwa mara ya mwisho kutoka ndani ya nyumba, kaka hakukubali mtu mwingine ashike upande wa kichwa.

Lakini mimi nikikumbuka, nakumbuka siku ya kwanza. Tulizunguka mtaa tu, hatukuwa na pa kwenda. Nilikaa nyuma, nikitazama kisogo cha Mama kikigeuka huku na huku, kikisoma kuta. Hakusema mengi. Tuliporudi getini kaka alizima injini, akashuka, akazunguka, akafungua mlango, akaweka mkono mmoja tayari mgongoni kwake.

"Bado," Mama akasema.

Kaka akafunga mlango taratibu. Akazunguka tena, akarudi kukaa kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani wa gari lililozimwa. Tukakaa.