Mistari ya Chumba Baridi

Kwenye ghala letu la dawa, kompyuta ikigoma naitwa mimi, na nikishaitwa, ihesabu imepona. Sijisifu, hata wasionipenda wananiita Daktari. Kwa hiyo meneja alipotaka kumfukuza kazi shemeji yangu, mume wa dada, sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Shemeji ni mlinzi wa chumba baridi. Juzi chanjo zote za humo ziliharibika kwa joto, na meneja alikuwa ameshachapisha kumbukumbu za mashine, kurasa tatu. Mstari wa juu kabisa ulisema: kengele imezimwa, kadi ya mlinzi. Chini yake, mstari baada ya mstari: joto limezidi.

"Ulizima kengele, ukalala," meneja alimwambia. "Joto likapanda, hakuna wa kusikia."

"Bosi, nilikuja mbio ilipolia. Nikakuta mlango wazi, nikaufunga, ndiyo nikazima kengele."

Saa ya mashine ile ilikufa betri zamani. Kila mstari unasema saa sita kamili. Ushahidi ulikuwa mpangilio wa mistari tu. Nikamwomba meneja akafungue mlango kwa kadi yake. Alipofungua, mstari wake ukatokea kwenye skrini, juu ya yote.

"Umeona, bosi? Jipya linakaa juu. Umeisoma kichwa chini, miguu juu."

"Makao makuu wanasoma kutoka juu," akasema. "Nipe karatasi iliyonyooka."

Kwa madaha nikaiandikia kompyuta amri ya rev, nikabonyeza. Skrini ikajaa "awmizemi elegnek" na takataka nyingine. Meneja akauliza kama hiyo ndiyo lugha ya madaktari. Shemeji akafuta jasho. Haraka haraka haina baraka: rev hugeuza herufi ndani ya mstari, mistari yenyewe inabaki ilipokuwa. Amri niliyoitaka ni tac, inayoanza na mstari wa mwisho na kupanda hadi wa kwanza. Nikaiandika, nikaituma kwenye printa, nikaegemea kiti.

"Tusomee, Daktari," meneja akasema.

Nikaichukua karatasi. Mstari wa kwanza, ambao kwenye kurasa za meneja ulikuwa mwisho wa ukurasa wa tatu, ambako hakuna aliyefika, ulikuwa na kadi yangu. Nikakumbuka. Niliingia kuangalia waya, nikatoka mikono imejaa vifaa, mlango nikausukuma kwa kisigino. Sikugeuka kuangalia kama umefungika.

Aibu ikanipanda hadi masikioni. Shemeji alikuwa ananitazama mdomoni, anasubiri.

"Mlango umefunguliwa," nikasoma. "Kadi ya fundi kompyuta. Joto limezidi. Joto limezidi." Nikasoma yote, hadi pale shemeji alipozima kengele.

Meneja akanyoosha mkono. Nikampa karatasi. Mkono ukabaki pale pale, nikaivua kadi shingoni.