Mzigo wa Kipenga

"Ulimwambia dereva nini? Rudia! Rudia hapa hapa, kila mtu asikie!"

Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Mama Redio, pasi yenyewe bado iko mkononi, waya unaburuzika vumbini. Kazi yake ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, na habari ilimkuta katikati ya shati la mtu. Hata pasi alisahau kuiweka chini.

"Nilimwambia ninachokijua," alisema Mama Redio. "Kaniuliza namjua nani sijui, majina matatu marefu kama treni. Nikamwambia mtu huyo hapa hayupo."

"Hayupo! Mume wangu hayupo!"

"Mume wako ni Kipenga, bibi wee! Nani mtaa huu anamwita vingine? Ngoja tumuulize Kinyozi. Kinyozi! Hebu tuambie, Kipenga jina lake nani?"

Kinyozi wa upande wa pili alikuwa ameshika kichwa cha mteja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Si... Kipenga?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakauona uso wa Mama Pasi, na kicheko kikawakwama kooni.

Mtaa ule nyumba hazina namba. Ukiagiza kitu, unaandikisha "kwa Mama Redio, kibanda cha kona," basi, umemaliza. Kibanda kile hakifungwi mchana, na mwenyewe habanduki. Televisheni zimepita pale, viatu, magauni ya harusi, hata injini ya pikipiki. Mzigo ukifika, Mama Redio anaweka viganja mdomoni, anaita mara moja, mwenyewe anatokea anakimbia. Hajawahi kupoteza hata soksi ya mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake: kwamba hakuna mtu wa mtaa ule asiyemjua, anakolala, anayemdai na anayemtaka.

Na Kipenga ndiye angesema hamjui? Refa wa mechi zote za uwanja wa shule, miaka nenda miaka rudi, mtu aliyewahi kumpa kadi nyekundu kaka yake wa damu! Sasa kifua kilikuwa kimemgomea. Alilala kwake, nyuma ya duka la mkaa, akipumua kwa mashine ya oksijeni ya kukaa nyumbani. Mashine ilipoanza kuzimazima, kampuni iliahidi kumletea nyingine na kuichukua ile mbovu. Wakati wa kusubiri alikuwa akipumulia mtungi wa kuazima kutoka zahanati, na mtungi una mwisho.

Mashine nyingine ilikuja kweli. Ilifika hadi kibandani, ikiwa kwenye boksi jeupe. Mama Redio alisomewa jina lililobandikwa, akapiga utani, "Hilo jina la waziri, jaribu kule kwenye maghorofa," na dereva akacheka, akageuza gari.

"Sasa kwa nini hukunidokeza?" alisema Mama Redio, sauti ikimshuka. "Ningejua kuna mzigo wenu unakuja, yule dereva ningemkamata kwa kola."

"Nikudokeze wewe? Si bora ningepanda juu ya bati na spika! Mzee hakutaka watu wajue anapumua kwa mpira wa puani. Alisema, Redio akipata hii, kesho nasomwa kati ya taarifa ya habari na michezo."

Maneno yale yalikuwa ya Kipenga mwenyewe, ungedhani unamsikia. Na jina la Redio, ni nani aliyempa kama si yeye? Alimpa siku moja pale uwanjani, alipomsikia akisimulia mechi vizuri kuliko wachezaji walivyoicheza.

"Na simu?" aliuliza Mama Redio. "Dereva alisema alipiga simu, haikupatikana."

Mama Pasi aliitazama pasi mkononi kama kitu alichookota njiani. "Niliizima," alisema. "Mzee alikuwa amepata usingizi."

Akauokota waya vumbini, akauzungushia pasi.

Wifi, dada yake Kipenga, alitokeza kwenye kona ya duka la mkaa huku ameshika kiuno. "Mzee anasema sauti zenu anazisikia. Anasema mkiendelea anawatoa wote wawili, na hana pumzi ya kuwatoa mara mbili."

Mama Redio alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo watu walilizungumza hadi jioni. Alikaa kwenye kreti la soda nyuma ya kibanda, akaipigia simu kampuni. Alipokelewa na muziki, akapokelewa na muziki mwingine, mwishowe akampata binti mwenye sauti laini.

"Mashine yenu imerudi ghalani, mama. Itabidi ipangiwe safari upya. Nipe anwani kamili. Namba ya nyumba?"

"Mwanangu, huku hakuna namba, huku kuna watu. Andika. Ukishapita gereji, utaona vinyozi wawili. Wa kwanza usimuulize kitu, yule hajui hata anachonyoa. Wa pili, mkono wa kushoto, duka la mkaa. Ingia uchochoro wa pembeni yake, kuna kamba ya nguo, mashati yamepigwa pasi mpaka yanang'aa. Mlango wa kijani. Usibishe hodi polepole, mwenyewe anafua."

"Mama, nafasi niliyo nayo ni mstari mmoja."

"Basi andika kwa herufi ndogo!" Kisha akaishika simu kwa mikono miwili. "Binti yangu, tafadhali. Kuna mtu anakata pumzi huku. Andika na hili: Kipenga. Kando ya jina lake la kitambulisho, andika Kipenga."

"Nimeandika, mama."

Mama Redio alikwenda na habari hiyo mpaka kwenye mlango wa kijani. Mama Pasi alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu. Ndani, nyuma ya pazia, mtungi ulikuwa unafoka taratibu.

"Niingie nimpe pole?"

"Usiingie. Kaa huko huko barabarani ungoje gari. Wewe ndiye uliyelirudisha."

Basi akaenda kukaa barabarani. Alisimamisha magari ya maji, magari ya mikate, gari la mtu aliyepotea njia akielekea kwenye posa. "Umebeba mashine? Ya Kipenga?" Wateja walijisaidia wenyewe kibandani, wakaacha hela juu ya ndoo. Watu wakaanza kumcheka, kisha wakaacha kumcheka, na Kinyozi akamtolea kiti. Umbea wote ukamwishia mdomoni. Shoga yake mmoja alimletea habari tamu ya ndoa iliyovunjika, yenye kila kitu ndani, na yeye akasema tu, "Hebu nipishe, naona gari."

Asubuhi moja, watoto wakielekea shule, sauti ya Wifi ilipanda kutoka uchochoroni. Ilikuwa sauti moja tu, ndefu. Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea. Mama Redio hakuinuka. Aliendelea kuitazama barabara, kule gari lingetokea, kana kwamba likitokea sasa hivi bado litawahi.

Wakamzika Kipenga, na uwanja wa shule mzima ukaja: mabeki wenye vitambi, makipa waliokuwa babu, watu aliowatoa nje kwa haki na aliowaonea. Mpwa wake alishika kipaza sauti, akasoma wasifu wa marehemu. Akaanza na jina. Yale majina matatu yakatoka kwenye spika moja baada ya jingine, na minong'ono ikapita katikati ya watu. Kumbe ndilo jina lake. Mama Redio, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya watu wote, aliyarudia majina yale chini kwa chini, moja moja. Mtu akamshika mkono. Hakujua ni nani.

Kesho yake, jua likiwa utosini, gari la mizigo lilisimama mbele ya kibanda. Dereva alikuwa yule yule. Alishusha kioo akitabasamu.

"Mama, leo usinirudishe tena, kule ofisini nilifokewa! Wamenichorea ramani nzima." Akasoma yale majina matatu kwenye boksi. "Unamjua?"

"Namjua," alisema Mama Redio. "Teremka, twende."

Walipita duka la mkaa na kamba ya nguo iliyokuwa tupu. Dereva alipoliona turubai, na wanawake wameketi kwenye mikeka, na masufuria makubwa juu ya moto, hatua zikampungua. Boksi likawa zito mikononi mwake.

Mama Pasi alitoka akasimama kwenye mlango wa kijani. Alilitazama lile boksi, kisha akamtazama dereva.

"Mama, mimi sikujua," dereva alisema, akivua kofia kwa mkono mmoja. "Mimi huwa naiwasha mbele ya mteja, anaikagua, ndipo nachukua ile mbovu. Lakini basi, nitarudi nayo."

"Iwashe."

"Mama..."

"Si ndiyo kazi yenu? Iwashe."

Chumbani godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani. Dereva alipiga magoti kando ya kitanda kitupu, akachomeka waya. Mashine ikakohoa mara moja, kisha ikashika mwendo: inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Nje, wanawake wa kwenye mikeka waligeuka kuutazama mlango. Mtu aliyekuwa anakoroga sufuria aliacha mwiko ndani.

Mama Pasi aliuchukua mpira mwembamba, mpya, bado una harufu ya plastiki, akauweka karibu na shavu lake. Akafumba macho. Upepo ulikuwa unatoka, mdogo, wa baridi, bila kukatika.

"Inapumua vizuri," alisema.

Kisha akaukunja mpira ule kama anavyokunja mkono wa shati, akamrudishia dereva. "Wapelekee wengine. Na ile mbovu iko nyuma ya mlango, ondoka nayo, sitaki kuiona."

Dereva alipokuwa akitoka na mashine mbili, Mama Redio alijibanza ukutani kumpisha, kisha akamfuata kimyakimya, kichwa chini, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Redio."

Akasimama. Hakugeuka. "Kibanda nimekiacha wazi," alisema.

"Tangu lini umekula?"

"Mimi? Sijui. Sina hamu."

"Mimi pia sina." Mama Pasi alimsogelea. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekwaruza kwa kulia. "Sikiliza. Sijakusamehe. Sijui hata kama nitakusamehe."

"Najua, dada."

"Kila nikiamka nakutukana wewe kwanza. Halafu naikumbuka simu niliyoizima, najitukana mimi. Halafu namtukana yeye na siri zake. Nikifika hapo sina tena wa kumtukana, na siku bado ni ndefu." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nitachoka nikiifanya kazi hiyo peke yangu."

Hapo Mama Redio akageuka.

"Wifi," Mama Pasi aliita, "mpakulie na huyu. Na wewe vua viatu, uingie ndani ule."