Wiki Ambayo Fundi Paka Hakupanda

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Mji mzima ulimwita Paka, kwa jinsi alivyokuwa akitembea juu ya mapaa, miguu peku, misumari mdomoni, kama mtu anayekatiza sebuleni kwake. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umejibana kati ya kilima na bahari, na chumvi ilikuwa ikila mabati kabla mwenye nyumba hajamaliza kujisifu kwamba amehamia kwake. Kwa hiyo fundi wa mapaa hakukosa kazi. Siku za jua walimsahau. Likidondoka tone moja kitandani, kila mtu alikuwa na namba yake.

Miezi michache kabla ya kipupwe, Paka aliteleza kwenye paa la ghala la samaki. Aliangukia rundo la nyavu kuukuu, ndilo lililomwokoa, akavunjika mtulinga tu, ule mfupa wa bega. Waliokwenda kumtazama hospitali walimtania kwamba paka ana roho saba, basi amebakiwa na sita. Akacheka nao. Mfupa ukaunga, akarudi karakana, akawa anatengeneza fremu za milango na kukunja gata za maji ya mvua. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa jua, hakuna aliyeshangaa. Hata mkewe, aliyefanya kazi kiwanda cha barafu na kurudi jioni vidole vimekufa ganzi, hakujua kwamba mumewe hajapanda paa lolote tangu siku ile.

Alikuwa amejaribu mara moja, peke yake, mkewe akiwa kazini. Aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba yao wenyewe. Alipofika kipandio cha pili masikio yakaziba, jasho likamtoka mpaka kwenye viganja, akashuka akakaa kwenye kizingiti kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Akairudisha ngazi mahali pake. Akajiambia ni uchovu, utapita.

Haukupita. Mvua ndiyo iliyokuja.

Redio ilikuwa imesema manyunyu. Jumatatu asubuhi mji uliamka umefunikwa na wingu zito, baridi inapenya hadi kwenye mifupa, na mvua haikunyesha kwenda chini bali ubavuni, imebebwa na upepo wa bahari. Kufika adhuhuri simu ya Paka ilikuwa haipumziki. Wa kwanza alikuwa mzee kinyozi. Alisema dari ya kibanda chake imeshuka tumbo, na maji yanaisukuma kutoka juu. Paka alimwambia Jumanne asubuhi, Mungu akipenda. Mwalimu mmoja alipopiga, alimwambia misumari imekwisha. Mama wa duka la dawa akamwambia ngazi imevunjika. Wengine wote aliwaambia hakuna fundi anayepanda bati lenye maji, wasubiri mvua ipungue. Huo ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa hiyo ndio uongo alioupenda zaidi.

Jumanne asubuhi alivaa koti la mvua, akabeba mfuko wa vifaa, akapita nyuma ya soko ili asionekane kwa kinyozi, akakaa karakana kutwa nzima milango imefungwa. Alisikiliza maji yakipiga juu ya kichwa chake. Alijua paa la kila nyumba katika mji ule, wapi pameoza, wapi aliweka kiraka akisema kitafika mwaka ujao, na kila upepo ulipovuma alikuwa akiona kwa macho ya akili bati gani linaanza kucheza.

Jioni binti yake akapiga. Alikuwa amejifungua majuzi tu, anakaa nyumba za chini, karibu kabisa na maji, pamoja na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa safarini na meli ya mizigo. Alisema maji yanaingia chumbani, wameshasogeza kitanda cha mtoto mara mbili, na sasa hakuna pa kukisogeza tena.

Hapo Paka hakuweza kusema misumari imekwisha. Jumatano alikwenda. Alibeba kopo la lami, akapanda juu ya meza ndani ya chumba, akaziba nyufa kutokea chini. Meza ilikuwa fupi na alishika mbao ya kenchi inayobeba paa kwa mkono mmoja muda wote. Mama mkwe wa bintiye, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya kilima, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Mkwe," akamwambia, "mimi siyo fundi. Lakini nilidhani paa linazibwa kutokea juu."

Paka akajibu kwamba mvua ikipungua atapanda. Alimtazama mjukuu aliyekuwa amelala, kofia ya sufu imemfika nyusi, akaaga haraka kabla hajaulizwa jingine.

Alhamisi dari ya kinyozi iliporomoka. Mteja alikuwa ametoka tu kwenye kiti. Mbao, maji na uchafu wa miaka vilishuka pamoja, kioo kikubwa kikavunjika, na mzee akachanwa mkono, ikabidi ashonwe. Habari hizo Paka alizipata kwa mkewe, aliyezisikia kiwandani.

"Anasema ulimwahidi Jumanne," mkewe alisema, akiminya maji kwenye soksi zake.

Paka akasema kazi zilikuwa nyingi. Mkewe akauliza kazi zipi, maana hajakutana na mtu hata mmoja wiki ile aliyesema Paka amefika kwake. Paka akainuka, akaenda karakana kutafuta kitu ambacho wote wawili walijua hakipo. Usiku ule walilala wamepeana migongo, na bahari ikisikika kana kwamba imehamia uani.

Ijumaa upepo ukageuka. Boti zote zilikuwa zimevutwa nchi kavu, hakuna aliyetaka barafu, kiwanda kikafungwa, kwa hiyo mkewe alikuwa nyumbani simu ya binti ilipoingia. Bati la ukingoni limeanza kufunguka na kufunga, alisema, na kila likifunguka anaona mbingu. Amemhamishia mtoto jikoni. Mke wa Paka hakumuuliza mumewe chochote. Alishika ncha moja ya ngazi, akamngoja ashike ya pili.

Waliteremka barabara ambayo ilikuwa imegeuka mfereji. Walipofika, bati lile lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba ilibidi kusemezana kwa kupaza sauti. Paka aliegemeza ngazi. Alijifunga kamba, akaweka misumari mfukoni, akaanza kupanda, na kwa muda mfupi akadhani itawezekana kwa sababu hakuna njia nyingine. Kisha kichwa chake kikapita ukingo wa paa, upepo ukampiga usoni, akaona lile teremko la mabati yenye maji likimjia. Mikono ikaishika ngazi. Haikutaka kuachia.

"Baba watoto, unaona nini?" mkewe aliita kutoka chini.

Paka alifumba macho.

"Unaona nini?"

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kupanda. Wala kushuka siwezi."

Mkewe alijifuta mvua machoni. Kisha akapanda nyuma yake mpaka kifua chake kikagusa mgongo wa mumewe. Akamshika paja. "Wa kulia," akamwambia sikioni. "Nimeushika. Uache uje." Akamteremsha hivyo, mguu baada ya mguu, akimsemesha kwa sauti aliyoitumia kuwavusha watoto barabara zamani. Paka alipogusa ardhi, akakaa kwenye tope. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Aliona yote.

Mkewe hakukaa kumtazama. Alikuwa amekwisha kujifunga sketi kiunoni. "Niambie cha kufanya."

"Utaanguka."

"Bati hilo likiondoka litaondoka na wenzake. Ni wewe uliyenifundisha hivyo. Niambie."

Paka alimfunga ile kamba kiunoni, ncha yake akaenda kuizungusha kwenye kenchi ndani ya chumba, akapanda juu ya ile meza, chini ya upenyo wa lile bati lililofunguka. Kutoka hapo alisikia vishindo vya mkewe juu yake. Alimwambia alale kifudifudi. Asikanyage katikati ya bati, akanyage penye mstari wa misumari, maana chini yake pana mbao. Yeye alilivuta bati kwa chini kwa mikono yote miwili, mkewe akapigilia kwa juu. Nje, mama mkwe alishika ngazi na kulowa chapachapa bila kutamka neno, jambo ambalo binti alisema baadaye hajawahi kuliona tangu aolewe.

Upepo mkali ukaja ukatingisha nyumba nzima. Nyundo ikanyamaza. Paka aliita. Aliita tena, akavuta kamba ikawa imekaza, hakujua imekazwa na nini.

"Nipo," sauti ikasema hatimaye. "Nilikuwa na misumari mdomoni."

Walimaliza kwa kupandisha viroba vya mchanga, wakavipanga juu ya ukingo. Haikuwa kazi ya kupigia picha, lakini bati lilitulia. Mkewe aliposhuka, viganja vyake vilikuwa vimechanika. Binti akavisafisha kwa maji ya moto jikoni huku mtoto akilia kwa njaa yake mwenyewe, asiyejua lolote. Mama mkwe akawamiminia chai. Alipofika kwa Paka, aliinamisha birika taratibu.

"Ungeniambia Jumatano, tungetafuta mtu mwingine," alisema. "Ulimi wangu mkali, mkwe, lakini sing'ati."

Njiani kurudi mkewe alitembea mbele. Ndipo hasira ilipomtoka. Alisema kuogopa siyo kosa, angeanguka yeye kama Paka alivyoanguka asingepanda hata kiti. Lakini wiki nzima amempikia chai akidhani anakwenda kwenye mapaa ya watu, na yule mzee ameshonwa mkono akimsubiri.

"Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Paka alikwepa dimbwi. "Nilijua nikishalitamka, sitakuwa fundi tena."

Mkewe alipunguza mwendo, wakaingia nyumbani pamoja.

Jumamosi Paka alikwenda kwa kinyozi. Alimkuta amekaa chini ya turubai, mkono umefungwa bandeji, vioo bado vimezagaa sakafuni. Akamweleza yote, hata ile asubuhi aliyopita nyuma ya soko. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana, na hakusema yamekwisha.

"Ningejua," alisema tu, "ningehamisha kiti."

Siku hiyohiyo Paka alimpigia fundi wa mji wa pili, ng'ambo ya kilima, mtu ambaye kwa miaka alimdharau kwamba anajua kuezeka mabanda ya kuku peke yake. Fundi yule alikuja Jumapili, mvua ikiwa sasa nyembamba, inaanza na kuacha. Walizunguka nyumba kwa nyumba. Paka alimwonyesha pa kukanyaga na pa kuepuka, kisha akawa anashika ngazi. Watu walipita, wakatazama nani yuko juu na nani yuko chini. Wengine walicheka. Paka aliwasikia, akaendelea kutazama soli za yule aliye juu, na kila upepo ulipokuja alimwambia alale, hata pale ambapo haikuwa lazima.

Kwa kinyozi ngazi ilikuwa inateleza kwenye tope. Mzee aliwatazama kwa muda kutoka chini ya turubai lake. Baadaye akainuka, akaja akashika mguu wa pili wa ngazi kwa ule mkono mzima. Kazi haikuisha siku ile. Mvua ilirudi kabla ya saa kumi, fundi akashuka, wakasimama watatu chini ya ukingo wa paa, wakingoja ipungue.