Maji ya Kunawa

Kuku alifika nyumba ya watawa ya Lavington saa saba kasorobo mchana, akiwa amefungwa kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu cha mama, na tayari alikuwa amemchelewa mlaji wake kwa dakika arobaini na tano.

Kosa lilikuwa la Bramwel Obuya, naye alilijua. Watawa wenzake walimwita Santidhamma. Muasya, mlinzi wa lango, alimwita Pasta kwa kukosa neno jingine. Mtawa wa Kibuddha hali kitu baada ya saa sita mchana mpaka kupambazuke, na Bramwel alikuwa ameishika sheria hiyo kwa miaka minane, saba kati yake akiwa Sri Lanka. Lakini mama alipompigia simu kutoka Bunyore, mara ya kwanza tangu asikie kwamba mwanawe ameacha kanisa, ulimi ulimwia mzito. Alimwambia tu karibu chakula cha mchana. Alihofu kwamba akianza kutaja masharti, mama angekata simu na asipige tena.

Asubuhi ile alikuwa Westlands, ghorofa ya kumi na moja, mbele ya wafanyakazi wa kampuni ya bima. Mlezi wake, mzee Bhante Sumana, alikuwa akimfunza namna ya kuwapa watu wa mjini hekima ya kale kwa maneno watakayoweza kurudi nayo mezani kwao kazini, ila bado hakuwa amemruhusu kufundisha peke yake. Bramwel alieleza desturi ya kumimina maji: mtu humimina polepole kikombeni hadi kikombe kifurike, huku akiwatakia jamaa zake, walio hai na waliokufa, wafikiwe na wema wake. Alieleza vizuri. Picha zilipita ukutani, watu wakaandika. Kisha mwanamke mmoja aitwaye Nyawira akauliza, "Na wewe, ulimmiminia nani?"

Akajibu kwa kirefu juu ya viumbe vyote vyenye uhai. Garini, mzee alimwambia kwa upole kwamba jibu lilikuwa sahihi, lakini yule mwanamke alikuwa amemwuliza habari zake yeye. Walirudi Lavington kabla ya saa tano. Wenzake walipokula saa tano, Bramwel hakugusa chakula, kwa kuwa alimngoja mama, akitumaini angefika kabla ya saa sita.

Sasa mama huyu hapa, Milcah, amesimama barazani na kitambaa chake cha kichwani cha kanisani, mkono umenyooshwa. Mtawa hamgusi mwanamke, hata aliyemzaa. Bramwel aliunganisha viganja kifuani, akainama. Mkono wa mama ulining'inia kidogo, kisha ukapanda kurekebisha kitambaa ambacho hakikuwa na kasoro.

Alifungua kikapu bila kuambiwa. Ugali wa wimbi, kuku, mboga za mrenda zilizofungwa peke yake. Harufu ilipompiga, Bramwel alirudi kwao Bunyore kimawazo mara moja.

"Umekonda, baba," mama alisema. "Hawa watu wanakupea chakula kweli?"

"Wananipa, mama. Ila sisi hatuli baada ya saa sita."

"Saa sita ya nani?"

 Bramwel alikuwa na majibu mengi ya sheria hiyo, ya Kiingereza na ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, na lolote angelitoa lingekuwa sahihi. Mama akaanza kuyarudisha majani juu ya kuku, taratibu, jani baada ya jani. Alisema atatafuta basi la saa nane. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha mwanawe. Kwao, anayekataa chakula cha mtu humwambia kwamba wamekwisha kuwa wageni, na mgeni hafuatwi mara mbili.

 Ndani kulikuwa na watawa watano waliomheshimu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Bramwel alikuwa kitinda mimba. Kwao kitinda mimba ndiye aliyebeba birika la maji ya kunawa. Kila mlo alipiga magoti mbele ya baba, kisha mama, kisha kaka zake, akawanawisha, naye akala mwisho.

Aliingia jikoni. Alichanganya maji ya moto na baridi, akayapima kwa kifundo cha mkono, maana vidole vya mama humwuma. Akarudi na birika kubwa na karai dogo, akapiga magoti sakafuni.

"Nawa ule, mama. Umetoka mbali."

Mama alisita, halafu akainua mikono juu ya karai. Bramwel akaanza kumimina. Mikono ilikuwa imezeeka kuliko alivyoikumbuka. Ilikuwa karibu sana.

"Niliogopa kukuambia kwa simu," alisema. "Nilijua hautakuja. Na huku hakuna mtu ananiita Bramwel."

 Mama alisugua kiganja kwa kiganja, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo ulivyohitaji. Karai lilijaa, likafurika, maji yakalowesha ukingo wa vazi la kitawa la rangi ya machungwa.

"Maji imetosha, Bramwel," mama alisema.

Lakini mikono yake ilibaki palepale, juu ya karai.